Jinsi ya Kuchagua, Kulinganisha na Kutunza Besi ya Karakana Ndogo na Priampu Yake

Mwongozo huu umeandikwa kwa mpigaji besi wa Nairobi ambaye tayari ana gitaa la kiwandani linalomfaa kanisani, harusini au kwenye bendi ya rhumba, na ambaye sasa ameweka akiba ya kununua besi iliyoundwa kwa mkono katika karakana ndogo, au amepata nafasi ya kuchagua moja kati ya mbili tatu zinazouzwa na wapigaji wenzake. Besi za aina hii ni ghali. Zile za karakana zenye jina huko Marekani na Ulaya kwa kawaida huuzwa kwa maelfu ya dola, na zinazoundwa kwa agizo maalumu, kama za Fodera wa Brooklyn, hupita dola 10,000. Anayetoa fedha kiasi hicho ana haki ya kujua analipia nini hasa. Msimamo wangu, ambao hatua zote zifuatazo zimejengwa juu yake, ni kwamba mbao, shingo na mahali pikapu zilipochimbiwa ndivyo vinavyostahili fedha zako, na priampu iliyomo ndani, yaani saketi ndogo ya betri ya kukuza na kurekebisha sauti, husikilizwa mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ambayo fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuibadilisha kwa alasiri moja.

Hatua ya kwanza: Ijue saketi kabla ya kugusa nobu

Besi ya Precision ambayo Leo Fender aliitoa mwaka 1951 haikuwa na betri. Pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mizunguko maelfu, ilipeleka umeme wake mdogo kwenye nobu ya sauti na nobu ya toni yenye kapasita moja, kisha umeme huo ukatoka nje kupitia kebo. Saketi ya namna hii huitwa pasivu, na tabia yake kuu ni kwamba inaweza kupunguza masafa fulani lakini haiwezi kuongeza chochote. Karakana ya Alembic ya California, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuweka ndani ya besi saketi yenye betri, ambayo huitwa aktivu, na StingRay ya Music Man ya mwaka 1976 ikaufikisha utaratibu huo kwa wapigaji wa kawaida. Roger Sadowsky alifungua karakana yake New York mwaka 1979, akajulikana kwa kuziwekea priampu Jazz Bass za Fender za wapigaji wa studio, ikiwemo ile ya mpigaji besi Marcus Miller. Vinny Fodera na Joey Lauricella wakaanza yao Brooklyn mwaka 1983.

Priampu utakazokutana nazo ziko za namna tatu, na ni lazima ujue ni ipi iliyo mbele yako. Ya kwanza huongeza tu: nobu ikirudishwa nyuma hadi mwisho, saketi haijagusa sauti, na kila unapoizungusha mbele unaongeza sauti nzito au sauti kali. Priampu ya Sadowsky ni ya namna hii. Ya pili huongeza na kupunguza, na nobu zake huwa na kijishimo katikati ambacho kidole hukihisi zinapozunguka. Hapo katikati ndipo pasipo na mabadiliko. Aguilar OBP-3 ni mfano unaojulikana, yenye sauti nzito katika hezi 40 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), sauti za kati katika hezi 400 au 800 kulingana na swichi, na sauti kali katika hezi 6,500. Ya tatu ni ya vichujio, kama zile za Alembic na za Wal wa Uingereza: nobu husogeza mahali ambapo masafa ya juu huanza kukatwa, na pale kwenye mpaka huo unaweza kuinua kilele kidogo, kiasi kwamba nobu ikizunguka unasikia besi ikifungua kinywa na kukifumba. Wanaoizoea saketi ya vichujio hawapendi kuiacha, lakini hujifunzwa kwa majuma, na asiyeijua huiona mbovu siku ya kwanza.

Tofauti kati ya namna ya kwanza na ya pili ndiyo chanzo cha kosa la kulinganisha linaloonekana mara nyingi kuliko yote. Mtu huchukua besi mbili, huweka nobu zote katikati akidhani amezisawazisha, kisha huisifu ile iliyo nene na yenye kung'aa zaidi. Ikiwa mojawapo ina priampu ya kuongeza tu, kuweka nobu zake katikati kumekwisha kuipa desibeli kadhaa za ziada juu na chini, huku mwenzake ikiwa haijaongezewa kitu. Muulize mwenye gitaa, tafuta kijishimo kwa kidole, na kama bado una shaka fungua kifuniko cha nyuma usome jina lililo kwenye kibao cha saketi.

Hatua ya pili: Sawazisha masharti

Nyuzi mpya za chuma cha pua kwenye besi moja na nyuzi zilizochoka za nikeli kwenye nyingine hutoa tofauti kubwa kuliko ile iliyopo kati ya karakana mbili nzuri. Ukiweza, nunua seti mbili zinazofanana, zenye unene wa kawaida wa inchi .045 hadi .105, na .130 kwa uzi wa B ikiwa besi ni ya nyuzi tano, uzifunge zote siku moja. Gharama hii ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya gitaa lenyewe, na muuzaji wa kweli hataikataa.

Tumia kebo ileile, tundu lilelile la amplifaya, na nobu za amplifaya zisiguswe baada ya kuanza. Jambo gumu zaidi ni ukubwa wa sauti. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba masafa ya chini hujitokeza zaidi kadiri sauti inavyopanda. Kwa hiyo besi iliyo juu ya nyingine kwa desibeli moja au mbili tu itasikika nzito zaidi na nzuri zaidi, hata kama si bora. Rekodi besi zote mbili kwenye kompyuta, ukipiga kipande kilekile kifupi kwa nguvu ileile, kisha punguza kilicho juu hadi vipimo vilingane ndipo usikilize. Pasipo na kompyuta, weka simu yenye programu ya kupima desibeli juu ya kiti, mita moja mbele ya spika, na urekebishe kwa nobu ya sauti ya gitaa. Kipimo cha simu si sahihi kwa masafa ya chini, lakini kwa kulinganisha vitu viwili mahali pamoja kinatosha.

Hatua ya tatu: Isikilize ikiwa haijachomekwa popote

Hapa ndipo nakuomba utumie muda mrefu kuliko popote. Tafuta chumba kitulivu mbali na barabara, keti, na uegemeze taya lako juu ya pembe ya kiwiliwili cha gitaa ili mtetemo upite kwenye mfupa. Anza na uzi wa G. Piga freti ya kwanza, acha noti ilie hadi ife yenyewe, huku ukihesabu sekunde kimoyomoyo. Kisha ya pili, ya tatu, hadi ya 12, kwa nguvu ileile na kidole kilekile. Katika besi nyingi zenye shingo iliyofungwa kwa skrubu kwa mtindo wa Fender utafika mahali fulani kati ya freti ya 5 na ya 7 ambapo noti inaanza vizuri, kisha inazama ghafla huku jirani zake zikiendelea kulia. Hicho ndicho wapigaji wanachokiita doa lililokufa. Chanzo chake ni kwamba shingo yenyewe ina masafa yake ya kutetemeka, na noti ikigonga masafa hayo shingo hunyonya nguvu ya uzi.

Ukilipata doa, lithibitishe: kishike kichwa cha shingo kwa kiganja chote au kibane kwa kibanio kizito, kisha piga noti ileile tena. Ikiwa sasa inalia kwa muda mrefu, na labda noti ya freti ya jirani ndiyo imeanza kufa, basi tatizo ni mtetemo wa shingo, wala si freti iliyochakaa. Mafundi wa karakana ndogo hupambana na hali hii kwa kuunganisha vipande vitatu au vitano vya mbao katika shingo moja, kwa kuchomeka vijiti vya grafaiti, au kwa kupunguza uzito wa vigingi vya kukazia nyuzi, na baadhi yao hufaulu sana. Besi ambayo noti zake zote zinaishi kwa urefu unaokaribiana, kutoka E ya chini hadi juu kabisa, ni kitu adimu, na hiyo ndiyo sababu moja ya haki ya kulipa bei ya karakana. Hakuna priampu inayoweza kufufua noti ambayo shingo imeimeza.

Kwa besi ya nyuzi tano, upe uzi wa B uangalizi wake wa pekee. Ukiwa wazi hutetemeka kwa takriban hezi 31, na uzi mnene kiasi hicho ukilegea kidogo hupoteza noti na kubaki mngurumo usio na sauti maalumu. Piga B, kisha noti hiyohiyo ya juu yake kwenye uzi wa E freti ya 7, usikie kama zinasikika kuwa za gitaa moja. Mafundi wengine hurefusha uzi kutoka inchi 34 za kawaida, yaani milimita 864, hadi inchi 35, ili mvutano uongezeke. Karakana ya Dingwall ya Kanada huupa kila uzi urefu wake, B ukifika hadi inchi 37 katika baadhi ya miundo yao. Hata hivyo zipo besi za inchi 34 zenye B imara kabisa, kwa hiyo usinunue kipimo, sikiliza noti.

Mwisho wa hatua hii, vaa mkanda na usimame. Besi ya kilo 4 hubebeka katika kesha la usiku mzima. Ikipita kilo 4.5 utaisikia begani kabla ya saa nane za usiku. Achilia mkono wa kushoto uone kama shingo inaanguka. Ikianguka, mkono wako utakuwa ukiibeba badala ya kupiga.

Hatua ya nne: Ichomeke, lakini betri isihusike

Besi nyingi za karakana zina swichi ndogo, au nobu ya kuvuta juu, inayoruka priampu na kupeleka pikapu moja kwa moja nje. Izime priampu na upige hivyo kwa muda wa kutosha. Unachosikia sasa ni pikapu na mahali zilipowekwa, na hayo mawili ndiyo tabia ya kudumu ya gitaa lako. Pikapu iliyo karibu na daraja hutoa sauti kavu na ya kati. Iliyosogea kuelekea shingoni hutoa sauti nene na ya mviringo. Na mara fundi akishachimba mbao, mahali hapo hapabadiliki tena. Ukiipenda besi ikiwa pasivu, priampu yoyote nzuri itakufaa. Ikiwa haikupendezi katika hali hiyo na inakuvutia tu priampu ikiwashwa, iache.

Zingatia kwamba besi nyingine hazina hali ya pasivu kabisa. StingRay ya kawaida hunyamaza betri ikifa, na kadhalika besi zenye pikapu za EMG za betri. Kuna pia besi ambazo swichi ya pasivu ipo, lakini nobu ya toni haifanyi kazi upande huo, ukabaki na nobu ya sauti pekee. Yote haya ni ya kuuliza kabla ya kulipa, kwa kuwa siku betri itakapokufa katikati ya ibada utahitaji kujua unarudi kwenye kitu gani.

Hapa pia pima mvumo wa stima. Umeme wetu ni wa volti 240 na hezi 50, na pikapu za koili moja huunasa kutoka kwenye taa, transfoma na waya za ukutani. Hezi 50 ziko karibu kabisa na noti ya G kwenye freti ya 3 ya uzi wa E, ambayo ni hezi 49, na oktava yake ya juu, hezi 100, iko karibu na uzi wa G ulio wazi, wenye hezi 98. Kwa hiyo katika wimbo ulio katika G, besi yenye mvumo husikika kama imeacha tuni kidogo, na watu wataanza kukutazama wewe. Jazz Bass nyingi za kisasa huufuta mvumo pikapu zote mbili zikiwa wazi sawasawa, kisha mvumo hurudi mara unapopendelea mojawapo. Jaribu basi kila pikapu peke yake, ukigeuka polepole kuelekea kila pembe ya chumba. Fundi mzuri hufunika shimo la saketi kwa bati la shaba au rangi yenye kupitisha umeme, na kazi hiyo unaweza kuiona kwa macho ukifungua kifuniko.

Hatua ya tano: Sasa washa priampu

Anza pasipo na mabadiliko, kulingana na namna uliyoitambua katika hatua ya kwanza, kisha rukia kati ya pasivu na aktivu huku ukipiga kipande kilekile. Priampu nzuri ikiwa haijaongeza kitu inapaswa kubadilisha kidogo sana. Mara nyingi upande wa aktivu huwa juu kidogo kwa sauti, na tayari tumeona jinsi hilo linavyolaghai sikio. Priampu kadhaa zina skrubu ndogo ndani ya kurekebisha kiwango hicho, na ni kazi ya dakika moja kukilinganisha na cha pasivu.

Zungusha sauti kali hadi mwisho, ondoa mikono kwenye nyuzi, usikilize. Priampu zote huwa na mvumo mwembamba, kama hewa inayotoka kwenye gurudumu lenye tundu dogo, lakini katika iliyo bora utalazimika kusogeza sikio karibu na spika ndipo uusikie. Kisha rudisha sauti kali, ongeza sauti nzito, na uupige uzi wa E kwa gumba kwa nguvu zako zote. Ikiwa noti inapasuka mwanzoni, ama betri imechoka ama saketi haina nafasi ya kutosha juu. Hiyo ndiyo faida ya zile zinazotumia betri mbili, yaani volti 18: hazikupi sauti kubwa zaidi, zinakupa nafasi zaidi kabla ya kupasuka. Kwa anayepiga kwa vidole laini faida hiyo haitasikika, na betri ya pili inakuwa gharama ya bure.

Swali lililo muhimu kuliko idadi ya nobu ni masafa ambayo kila nobu imewekwa kuyashika. Uzi wa E ulio wazi una hezi 41. Spika nyingi za inchi 10 zinazotumika katika kumbi zetu hushuka haraka chini ya hezi 50 au 60, na tunachokisikia kama E kwa sehemu kubwa ni hezi 82 na masafa mengine ya juu yake. Ukiongeza desibeli 10 katika hezi 40 unaidai amplifaya nguvu mara kumi katika masafa hayo, spika inaruka ndani nje, na msikilizaji wa safu ya nyuma hapati chochote zaidi. Kwa sababu hiyo napendelea priampu inayoshika sauti nzito juu kidogo. Darkglass Tone Capsule, kwa mfano, hushika hezi 70, kisha 500 na 2,800, na haina nobu ya sauti kali kabisa.

Sauti za kati ndizo zitakazokulipa. Katika makanisa mengi ya Nairobi mkono wa kushoto wa mpiga kinanda hukaa palepale besi inapokaa, na besi iliyopunguzwa katikati, hata ikiwa tamu namna gani chumbani, humezwa ibada ikianza. Katika rhumba na benga hali ni hiyohiyo kwa sababu nyingine: besi huko huimba, hujibizana na gitaa la solo, na lazima kila noti itamkwe. Wasikilize Les Mangelepa au Super Mazembe, bendi zilizojijenga katika jiji hili tangu miaka ya 1970, uone jinsi mstari wa besi unavyoweza kufuatwa neno kwa neno. Kwa hiyo swichi ya kuchagua kati ya hezi 400 na 800 si pambo. Jaribu pande zote mbili huku mwenzako akipiga kinanda. Ukiwa peke yako hutaweza kuchagua kwa haki.

Hatua ya sita: Ipeleke mahali unapopigia

Chumba cha muuzaji hakitoshi. Omba siku moja ya mazoezi, uache dhamana au kitambulisho ikibidi. Sababu kubwa ni kwamba katika kumbi nyingi hakuna amplifaya ya besi. Kebo huingia moja kwa moja kwenye mixa. Pikapu pasivu huhitaji kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, takriban omu milioni moja, ilhali tundu la kawaida la mixa huwa na omu elfu kadhaa au makumi ya maelfu tu. Besi pasivu ikichomekwa hapo hufifia na kupoteza makali yake, halafu lawama huenda kwa gitaa. Priampu hutatua jambo hilo moja kwa moja kwa sababu hutoa umeme wenye ukinzani mdogo, unaovumilia hata kebo ya mita nyingi. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, priampu inapothibitisha thamani yake kuliko katika nobu zozote. Anayependa besi yake ikiwa pasivu na abebe kisanduku chake cha DI chenye betri, yaani kile kinachopokea besi na kuitoa kwa ukinzani mdogo unaoifaa mixa, asitegemee cha ukumbi.

Angalia pia udongo wa umeme, yaani ethi. Ukigusa nyuzi na mvumo ukapungua, hiyo ni kawaida. Ukihisi mwasho au mshtuko unapogusa kipaza sauti ukiwa umeshika nyuzi, acha mara moja, chomoa, na mwite fundi wa stima. Volti 240 zimeua wanamuziki sehemu nyingi za dunia, na hakuna wimbo unaostahili hatari hiyo.

Hatua ya saba: Malipo na forodha

Ukiagiza kutoka nje, hesabu ushuru juu ya bei ya gitaa pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 16, na ada nyingine ambazo hubadilika na sheria ya fedha ya kila mwaka. Pata hesabu ya maandishi kutoka kwa wakala wa forodha kabla ya kutuma pesa. Uliza mbao. Jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu ni mmoja wake, iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwanzoni mwa mwaka 2017, na tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimesamehewa vibali, isipokuwa zile zenye Dalbergia nigra ya Brazili, iliyolindwa vikali tangu 1992. Ubao wa vidole wa mbao hiyo unaweza kukukwamisha uwanja wa ndege.

Hatua ya nane: Utunzaji

Gitaa likifika, liache ndani ya kasha lake siku nzima kabla ya kulifungua, ili mbao zizoee hewa. Nairobi huwa kavu mwezi Januari na Februari, kisha masika huleta unyevu kuanzia Machi, na shingo huyafuata mabadiliko hayo. Ukilipeleka Mombasa kwa harusi litabadilika tena ndani ya siku chache. Ili kupima, bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja, utazame nafasi iliyobaki juu ya freti ya 7 au 8. Takriban milimita 0.3 inatosha. Ikizidi au ikitoweka, zungusha skrubu ya chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko tu, ngoja hadi kesho, upime tena. Skrubu ikigoma usiilazimishe.

Betri hujichosha kebo inapokuwa imechomekwa, hata kama hupigi, kwa sababu tundu la kebo ndilo swichi. Lina miguu mitatu: mmoja wa sauti, mmoja wa ethi, na wa tatu unaounganisha upande hasi wa betri pale tu kebo inapoingia. Tundu likiharibika na ukampelekea fundi wa redio, mweleze jambo hili waziwazi, kwani akiweka tundu la miguu miwili priampu haitawaka, au betri itabaki imeunganishwa usiku na mchana. Nunua betri za alkalaini. Zile za bei rahisi za zinki na kaboni huisha haraka na huvuja majimaji yanayokula shaba ya saketi. Kipima umeme cha kawaida kutoka Luthuli Avenue kitakuonyesha volti 9 na ushee kwa betri mpya. Ikishuka chini ya 8 ibadilishe kabla ya kazi muhimu, kwa kuwa priampu nyingi huanza kukwaruza ikikaribia 7. Jihadhari na betri za kuchaji za lithiamu zenye tundu la USB, kwani kibadilishi kilicho ndani yake kinaweza kuingiza mluzi kwenye sauti.

Ukiamua kubadilisha priampu, piga picha saketi ya zamani kutoka pande zote kabla ya kuondoa waya wowote, andika rangi ya kila waya na mahali ilipokuwa, na umwombe fundi aache waya za pikapu katika urefu wake. Priampu ya awali, nobu zake na skrubu zake zifunge pamoja kwenye mfuko ndani ya kasha la gitaa, kwa sababu mnunuzi wa besi ya karakana akija kuikagua, sehemu hizo za asili ni miongoni mwa vitu vya kwanza atakavyoulizia.